Mathare Nako Kuna Nafasi ya Nyuki na Ndege

Msomaji wetu, gazeti hili ni la wakulima, na pengine ukiona jina la Mathare hapo juu utauliza, "Je, huko kuna shamba gani?" Swali lako ni la haki. Mathare ni bonde la mabati, kutoka Pangani mpaka kuelekea Huruma, kati ya Barabara ya Juja na Barabara ya Thika. Nyumba imeegemea nyumba, na mahali pengi mtu apitaye na mtungi wa maji humbidi ageuke ubavu. Mwenye ekari hapana, na mwenye hatua kumi za udongo mbele ya mlango wake huhesabiwa kuwa ni tajiri. Hata hivyo leo nataka kueleza habari za bustani ya Mathare, wala si bustani ya sukuma wiki peke yake, bali bustani inayokaribisha nyuki, vipepeo, ndege, vyura, na hata kinyonga. Najua wako watakaocheka. Nawaomba wangoje wacheke baada ya kusoma.

Kwanza turudi nyuma kidogo. Jina la Mathare husemwa kuwa latokana na lugha ya Kikuyu, nalo ni jina la mti, ule wenye shina jembamba na majani marefu yaliyokusanyika juu kama shada, ambao ndege hupenda matunda yake. Ukienda leo kuutafuta mti huo katika vijiji vya Mathare utatembea mpaka uchoke. Bonde lilichimbwa mawe ya kujengea Nairobi, halafu watu wakaja kukaa katika machimbo yenyewe. Hata leo kuna kijiji kiitwacho Mashimoni. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, nyumba zilibomolewa. Baada ya Uhuru mwaka 1963 watu wakazidi kuja, wakajenga tena. Katika mambo hayo yote hakuna aliyepata nafasi ya kufikiri juu ya mti, wala simlaumu mtu.

Lakini watazame majirani wa bonde hilo. Ng'ambo ya Barabara ya Thika ndipo Muthaiga, penye bustani kubwa na miti mirefu. Mbele yake kidogo ni Msitu wa Karura, wenye hekta kama 1,000, ule ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa kwa ajili yake mwezi wa Januari 1999 walipokuwa wakiukinga usigawanywe viwanja. Karibu na Pangani iko City Park, yenye kima na vipepeo. Tena Mto Gitathuru hutoka upande wa Karura ukaja kuungana na Mto Mathare. Basi yule ndege mdogo aitwaye chozi, mwenye mdomo mrefu uliopinda, anyonyaye maji matamu ya maua, akiondoka Karura hana safari kubwa kufika Mathare. Hafiki kwa sababu hana atakachokuta. Hapana ua, hapana tawi la kutua, hapana maji safi ya kunywa. Wanaofika ni kunguru, mwewe na korongo, kwa kuwa hao hula takataka, na takataka tunazo.

Sasa utaniuliza, chozi akija atamletea nini mtu aliyelala na njaa? Nitakujibu kwa habari ya malenge.

Yuko shosho mmoja nimjuaye, akaaye juu ya Mabatini. Alipanda mbegu mbili za malenge katika karai bovu, akaongoza mimea ikapanda juu ya mabati ya choo. Majani alikuwa akichuma kila juma kwa mboga, lakini malenge yenyewe hakuyaona. Siku moja aliniita akasema, "Bwana Shamba, haya maua yananidanganya. Yanachanua kila asubuhi, kisha yanaanguka. Au ni mbegu mbaya?" Nikapanda juu ya ndoo nikatazama. Mbegu zilikuwa nzuri kabisa. Mmalenge huwa na maua ya namna mbili katika mmea mmoja: ua dume, ambalo huwa na kikonyo chembamba, na ua jike, ambalo huwa na tunda dogo mfano wa gololi chini yake. Ule unga wa manjano wa ua dume, yaani chavua, lazima ufikishwe katika ua jike asubuhi hiyo hiyo lichanuapo, kwani adhuhuri husinyaa. Upepo hauwezi kazi hiyo kwa sababu unga wenyewe ni mzito, tena hunata. Mwenye kuifanya ni nyuki. Na juu ya Mabatini nyuki hawakuwako.

Siku ile tulichukua ua dume, tukaondoa majani yake ya manjano, tukalipaka ndani ya ua jike kwa mkono, naye shosho akacheka sana akasema kwamba hajapata kuozesha maua. Tulipata malenge matatu. Lakini nani atapanda juu ya ndoo kila asubuhi? Nilimshauri apande rihani katika mikebe, aiache ichanue, na pia dania chache asizichume zote bali aziache zitoe maua. Mvua iliyofuata nyuki walikuwako, si wengi, lakini walitosha. Shosho hakuniita tena kwa habari ya malenge, ila kuniuzia moja, na bei yake haikuwa ya urafiki.

Nimekaa sana katika habari hii kwa sababu watu wengi wa mjini hudhani nyuki ni mambo ya asali na ya Wakamba wenye mizinga. Sivyo. Nyanya zako pia huzaa vizuri zaidi ua likitikiswa, na mwenye kulitikisa vema ni yule nyuki mkubwa mweusi atobaye mbao, ambaye tukimwona darini twamwua kwa kandambili. Huyo huyo ndiye rafiki mkubwa wa mkarakara. Anayeishi peke yake hana kundi la kulinda, naye si mkali, usipomshika hakuumi.

Basi, bustani yenyewe itakuwa wapi? Katika gunia. Jambo hili si geni. Baada ya fujo za uchaguzi, mwaka 2008, wakati chakula kilipokuwa ghali, watu wengi wa Kibera walifundishwa kulima katika magunia, na magunia hayo yameonekana Mathare pia. Chukua gunia la kilo 90, ulisimamishe. Chukua mkebe mkubwa uliokatwa juu na chini, uuweke katikati ya gunia, ujaze mawe madogo ndani yake, na pembeni utie udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Halafu uvute mkebe juu kidogo, ujaze tena mawe na udongo, mpaka gunia lijae. Nguzo ile ya mawe ndiyo itakayoyashusha maji mpaka chini. Kisha utoboe matundu ubavuni na kupanda miche ya sukuma wiki na ya mchicha humo. Gunia moja laweza kuchukua miche 30 au zaidi.

Wengi waliofundishwa hayo wameishia hapo. Mimi naomba nyongeza ndogo. Juu ya gunia usipande sukuma wiki tupu. Acha nafasi mbili au tatu kwa mimea ya maua. Rihani nimekwisha kuitaja. Mgagani, ambao wengi mwauita saga, ukiuacha mche mmoja uchanue utaona wageni wengi, tena utapata mbegu za msimu ujao. Na kama una mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia, upande mshubiri. Mshubiri hauombi maji kila siku, mbuzi hauli kwa furaha, na ukichanua lile ua lake jekundu au la rangi ya chungwa, chozi ataliona kutoka mbali. Jamaa zetu wa upande wa Magharibi wanayajua maua malulu, yale ya manjano mfano wa alizeti ndogo. Hayo nayo huvuta nyuki na vipepeo, na majani yake yakioza ni mbolea nzuri. Lakini yakatwe, yasiachwe kutapakaa, maana asili yake si hapa na hujua kujitwalia nchi.

Sasa habari ya dawa, na hapa nitakiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita sukuma wiki zangu zilijaa vidukari, wale wadudu wadogo wa kijivu wanaojikusanya chini ya jani kama unga. Nilikwenda dukani nikauziwa kichupa, sikusoma maandishi yake, nikapiga dawa asubuhi saa tatu wakati nyuki walipokuwa kazini. Vidukari walikufa. Nyuki nao walikufa, na yule mdudu mdogo mwekundu wa mgongo wa mviringo mwenye madoa meusi, ambaye chakula chake ni vidukari hao hao, akafa pia. Baada ya majuma mawili vidukari walirudi wengi kuliko kwanza, kwa sababu adui yao nilimwua mimi mwenyewe. Siku hizi nikiwaona huwapangusa kwa vidole vilivyolowa maji ya sabuni, na jani lililojaa kabisa nalitupa. Kazi hii huchukua muda wa kunywa chai. Tena fikiri jambo lingine: gunia lako liko hatua moja kutoka kitanda cha mtoto. Dawa uliyopiga haina mahali pengine pa kwenda.

Nakuja kwenye wanyama ambao watu huwaogopa, maana najua ndipo ugomvi ulipo.

Wa kwanza ni kinyonga. Wengi wetu tulifundishwa na wazee kwamba ni kiumbe kibaya, na kwa wengine ndiye aliyechelewesha habari njema mpaka mauti yakaja duniani. Sina haja ya kugombana na wazee. Nasema tu kwamba kinyonga hana sumu, hawezi kumdhuru mtoto, na siku nzima kazi yake ni kula nzi na panzi. Ukimwona juu ya mchicha wako, umwache na mwendo wake.

Wa pili ni bundi. Akilia juu ya paa watu husema pana msiba unakuja, humtupia mawe. Lakini chakula cha bundi ni panya, naye jozi moja yenye vifaranga hula panya wengi mno kila usiku. Mathare panya wapo kiasi cha kuingia katika chandarua. Twawekewa mlinzi bila mshahara, kisha twampiga mawe! Popo wadogo, wale warukao jioni kuzunguka taa, hula mbu na nondo. Chura hula mbu, mende na konokono. Hawa wote hawakuombi kitu ila usiwaue.

Lakini panya, utasema, si ndio watakaojificha katika magunia yako? Swali hili niliulizwa katika mkutano mmoja wa wanawake karibu na Kosovo, na aliyeuliza hakuridhika na jibu langu la kwanza, akanifanya nifikiri tena. Jibu lililo kweli ni hili. Panya hafuati jani. Hufuata ugali uliomwagwa, takataka ya jikoni, na mahali pakavu pa kuzalia. Gunia likiachwa wazi, lisimamishwe juu ya matofali, na chini yake pafagiliwe, halimpi panya nyumba. Lakini mtu akirundika mbao, matambara na maganda ya viazi nyuma ya gunia, basi atawapata, na lawama isiwe ya bustani. Kuhusu nyoka, aliyekaa Mathare miaka mingi na aniambie amewaona wangapi.

Maji ndiyo shida iliyo kubwa kuliko zote, wala sitajifanya kuwa ni ndogo. Mtu anunuaye maji kwa mtungi hawezi kumwagilia maua. Basi tumia maji ya kusuuzia vyombo na nguo, si yale ya kwanza yenye sabuni nyingi bali ya mwisho. Na maji ya kuoshea mchele na mboga, hayo ni mazuri kabisa. Mvua ikinyesha, paa lako lina maji ya bure. Tega ndoo, uifunike kwa kitambaa. Ukitaka kuwawekea ndege na nyuki maji ya kunywa, weka kisahani chenye kokoto ili nyuki wapate pa kusimama wasizame, na ukimwage kila siku mbili. Maji yakituama juma zima yatatoa mbu, na hapo majirani watakuwa na haki ya kukasirika. Maji ya mto usiyatumie kwa mboga za majani. Nasema haya kwa uchungu, maana mtu akaaye hatua ishirini kutoka mtoni hana budi kununua maji. Lakini mto huo hubeba uchafu wa vyoo na wa viwanda, na jani la sukuma wiki halichuji kitu.

Mto huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024 Mto Mathare ulifurika. Mvua za masika zilikuwa nyingi nchi nzima, na mpaka mwanzo wa mwezi wa Mei watu zaidi ya 200 walikuwa wamekufa katika Kenya kwa mafuriko, wengine wao hapa bondeni, wamechukuliwa na maji pamoja na nyumba zao. Serikali iliamuru watu wahame kutoka kando ya mito, mita 30, kisha matingatinga yakaja. Rais alifika Mathare tarehe 6 Mei akaahidi shilingi 10,000 kwa kila nyumba iliyoondolewa. Tarehe 10 Mei ikafanywa sikukuu ya taifa ya kuomboleza waliokufa na kupanda miti.

Tangu hapo pamekuwa na maneno mengi juu ya ukanda ule ulioachwa wazi. Wengine wasema ujengwe ukuta wa saruji. Wengine wasema pawe barabara. Mwaka 2025 ukaanzishwa mpango mkubwa wa serikali wa kusafisha Mto Nairobi na mito inayoingia humo. Maoni yangu ni kwamba kando ya Mto Mathare pawe bustani ya miti na majani, ya kupokea maji yakipanda na kukaribisha viumbe maji yakishuka, tena itunzwe na watu wa Mathare wenyewe kwa malipo.

Neno hilo la mwisho nalitia mkazo. Tumeona sikukuu za kupanda miti. Tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa moja, na ile ya Mei 2024 ilikuwa nyingine, nayo serikali ina nia ya miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Nia ni njema. Lakini mche hauhitaji siku ya kupandwa tu. Wahitaji siku 700 za kutunzwa baada ya hapo, mbuzi wasiule, watoto wasiung'oe, mtu asiutupie taka. Wakubwa hupanda, hupigwa picha, huenda zao, na mche hukauka ukimtazama aliyebaki. Profesa Maathai mwenyewe na wanawake wenzake walipanda miti saba pale Kamukunji, hapa hapa Eastlands, tarehe 5 Juni 1977, ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Green Belt Movement. Na jambo walilojifunza mapema ni kwamba mwanamke alipwe kwa mche uliokua, si kwa shimo alilochimba. Ufundi huo uko nyumbani kwetu tangu zamani.

Tena yapo mengine ya kwetu. Mwaka 1987 kilianzishwa chama cha michezo cha vijana, MYSA, ambacho timu zake za kandanda hupata pointi za ligi kwa kusafisha mitaa, sawa na vile zipatavyo kwa kushinda mechi. Walisifiwa hata na Umoja wa Mataifa. Je, pointi hizo haziwezi kutolewa pia kwa miti iliyo hai baada ya mwaka mmoja? Vijana wa Mathare Green Movement nao wamepanda miti, mmoja mmoja, kuwakumbuka wenzao waliouawa. Mti uliopewa jina la ndugu ya mtu hautaki kuwekewa askari wa kuulinda. Na mwenye kudhani kwamba mahali pa taka hapawezi kugeuka, aende Michuki Park karibu na mjini, kando ya Mto Nairobi, akae chini ya mti atazame. Hapo palikuwa jaa na maficho ya wanyang'anyi mpaka mwaka 2008 kazi ilipoanzwa.

Lakini miti gani? Hapa watu hukosea, nao hukosea kwa haraka. Mkaratusi hukua upesi na kila mtu anao miche, lakini hunywa maji mengi, na chini yake hapaoti kitu. Mwaka 2009 Waziri Michuki aliamuru ing'olewe kandokando ya chemchemi na mito, wala sijasikia sababu ya kuisamehe leo. Kando ya maji upandwe mkuyu, ambao mizizi yake hushika ukingo, na matunda yake hulisha ndege na popo mwaka mzima kwa zamu. Ila uwe mbali na nyumba na mabomba. Juu kidogo upandwe ule mti ambao Waluo huuita siala na Wakikuyu muu, wenye maua ya manjano mithili ya tarumbeta, nyuki huupenda. Mukinduri nao ni mwepesi, hustahimili ukame, na njiwa hula mbegu zake. Na katika yote hayo, upandwe pia ule mti uliolipa bonde jina. Ingekuwa aibu kujenga bustani Mathare bila huo. Kati ya miti pawe na majani marefu, si nyasi za kukatwa kama za hoteli, maana humo ndimo wanamokaa kereng'ende na vyura, na hao wote wawili hula mbu.

Kuna jambo ambalo singependa lisomwe vibaya. Bustani isiwe sababu ya kufukuza mtu. Watu waliobomolewa mwaka 2024 wengi wao hawakwenda mbali; walihamia kijiji cha pili, chumba kidogo zaidi, kodi kubwa zaidi. Wakiona miti inamwagiliwa pale palipokuwa kitanda chao, na wao hawajapata pa kukaa, wataichukia miti hiyo, nami singewalaumu. Kwa hiyo watu hao ndio waandikwe kwanza kazi ya kuitunza. Fedha za kuwalipa zitakuwa chache kuliko saruji ya ukuta, ingawa ukuta hukaa kimya na mtunzaji huuliza mshahara mwisho wa mwezi, na pengine hiyo ndiyo sababu ukuta hupendwa ofisini.

Wenye shule nimewaacha, na sitasema mengi. Shule nyingi za bonde hili hazina uwanja, lakini zina ukuta, na ukutani chupa za plastiki zilizokatwa na kutundikwa zaweza kubeba rihani na dania za darasa zima. Mwalimu mmoja akianza, watoto watamzuia asiache.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Magunia yajazwe Septemba, udongo upate kutulia, na miche ya miti iagizwe mapema katika vitalu vya misitu, maana ile ya kienyeji huisha upesi na hubaki mikaratusi. Nasi tungependa kupata barua za wasomaji wa Mathare. Ukimwona chozi katika Mashimoni, Kiamutisya, Kosovo au kijiji chochote cha bonde, tuandikie utuambie siku uliyomwona na ua alilokuwa akinyonya. Shosho wa Mabatini amesema amemwona mara mbili juu ya mshubiri, lakini mjukuu wake anabisha kwamba alikuwa shomoro.